Kizingiti cha Juu katika Nyumba za Usukuma

Aingiaye katika msonge wa kale wa Kisukuma hana budi kuinama. Huenda kuinama huko kukahesabiwa kuwa ni heshima kwa mwenye nyumba, lakini sababu ya kwanza imo katika ujenzi wenyewe. Paa la nyasi hushuka chini sana, na mlango hauna budi kukaa chini yake. Tena ukuta wa msonge si mzigo uliopangwa juu ya mzigo. Ni duara la nguzo zilizochimbiwa ardhini, zikafungwa kwa fito na kukandikwa udongo. Penye mlango huachwa nafasi baina ya nguzo mbili, na fito za juu, zilizoizunguka nyumba nzima mfano wa pete, huivuka nafasi hiyo. Hizo ndizo kizingiti cha juu cha msonge, ijapokuwa hazina umbo la kizingiti.

Mambo hubadilika ukuta unapokuwa wa udongo mtupu. Kusini ya Usukuma, katika njia ya misafara ya pwani, zilijengwa tembe za kuta nene, kama ile ya Kwihara, karibu na Tabora, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ukuta wa namna hiyo, na ule wa matofali uliokuja kuenea baadaye, hujibeba wenyewe. Ukitobolewa mlango, udongo ulio juu ya tundu hubaki bila wa kuubeba. Lazima uwekwe mti unaolala juu ya miimo miwili.

Mti huo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Uzito ukiukandamiza, hupinda kidogo: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Mti mgumu huvumilia yote mawili. Jiwe huvumilia kubanwa tu, na kwa hiyo wajenzi wa Thimlich Ohinga, kule Nyanza ya Kenya, ambao hawakutumia udongo wala chokaa, waliacha malango membamba na kuyafunika kwa mawe marefu. Ncha za mti nazo huhitaji kuingia vya kutosha ukutani pande zote mbili. Zikiingia kidogo, huponda udongo zinaoukalia, na ufa huanza pembeni mwa mlango na kupanda kwa mshazari.

Basi katika Didia na kwingineko Shinyanga swali likawa: mti gani? Mchwa hula mti laini, na miti migumu ilikuwa ikipungua. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipofariki mwaka 1938, alihimiza vichaka vifyekwe ili kumfukuza mdudu huyo. Mashamba ya pamba na mifugo mingi vikaendeleza kazi hiyo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakarudia ngitili, yale malisho ya akiba waliyoyajua tangu zamani. Katikati ya miaka hiyo mjenzi alitumia alichokipata. (Tofali la kuchoma, linalosifiwa kuwa maendeleo, nalo hula kuni tele.) Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, haumsamehei mjenzi wa namna hiyo.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Watu wasiopungua 38 walifariki, na nyumba nyingi za udongo zilianguka. Si haki kukishtaki kizingiti peke yake. Kuta zilizolowa hazikuwa na kitu cha kuzishika pamoja. Lakini ndiyo maana fundi wa leo hupenda linta ya zege inayozunguka nyumba nzima bila kukatika. Bila kukusudia, amerudia ile pete ya fito ya msonge.

Zege ni kama jiwe: hustahimili kubanwa, si kuvutwa. Nondo ndizo zinazopokea mvuto, na mahali pake penye mlango ni karibu na upande wa chini. Fundi akizilaza juu, linta huonekana njema kabisa, kwa kuwa zege likishamiminwa hakuna awezaye kuziona.