Makovu ya Randa

Mwaka 1850 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walilazimika kujifunza habari za visu vya randa. Mbele yao ilikuwa kesi ya Wilson dhidi ya Simpson. Mtu aliyenunua kihalali mashine ya kupigia randa yenye hataza, visu vyake vikiisha, ana haki ya kutia vingine, au atahesabiwa ameunda mashine mpya bila idhini ya mwenye hataza? Ushahidi ulionyesha kwamba mashine hudumu miaka kadhaa, ila visu humalizika kila baada ya siku 60 au 90. Majaji wakaamua kuwa kubadili visu ni matengenezo tu. Wanasheria wanaitaja hukumu hiyo hadi leo. Mafundi nao wana sababu ya kuijali, kwani inaonyesha jinsi utajiri mkubwa ulivyotegemea kipande cha chuma ambacho hakikumaliza hata msimu mmoja.

Mashine iliyogombaniwa ilikuwa ya William Woodworth wa Poughkeepsie, jimbo la New York, aliyepata hataza Desemba 1828. Hakuwa wa kwanza. Mwingereza Samuel Bentham, ndugu wa mwanafalsafa Jeremy, alisajili mwaka 1791 mashine iliyosukuma randa kubwa mbele na nyuma kwa kuiga mkono wa seremala, na mwaka 1793 akaandika wazo la visu vinavyozunguka. Woodworth aliunganisha visu vya kuzunguka na rola zinazoubana ubao na kuusogeza. Hataza yake iliongezewa muda mara mbili, hadi 1856, na walioimiliki wakawaandama wenye viwanda mahakamani miaka nenda miaka rudi.

Kasi ya visu vya kuzunguka ilikuja na kovu lake. Randa ya mkono huteleza. Kisu kinachozunguka huchota. Kila kisu kikipita huacha bonde dogo, na mabonde yakifuatana huwa mawimbi. Kwa macho ya haraka hayaonekani. Ubao ukiinamishwa ili mwanga wa dirisha upite juu yake kwa mshazari, yanajitokeza yote, na vanishi ikishapakwa hayafichiki tena. Dawa ni hesabu: visu vipige mara nyingi zaidi katika kila inchi ya ubao. DeWalt DW735, mojawapo ya mashine ndogo za kuweka mezani, ina visu vitatu vinavyozunguka mara 10,000 kwa dakika, na mwendo wa aina mbili: mmoja unapiga mara 96 kwa inchi, mwingine mara 179. Hesabu hiyo ni ya kweli pale tu visu vyote vinapolingana urefu. Kimoja kikichomoza kuliko wenzake, hicho peke yake ndicho kinachoacha alama, na mawimbi yanatanuka mara tatu. Kwa hiyo mwenye mashine anayeona mawimbi mapana asikimbilie msasa. Apime visu kwanza.

Kovu lililo kongwe zaidi ni nyuzi kunyofoka. Hili halikuletwa na mashine. Bila shaka lilimsumbua hata seremala wa Kirumi, ambaye randa zake zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Kisu kikienda kinyume cha nyuzi huingia chini yake kama kabari, nyuzi zikainuka na kukatika chini ya usawa wa ubao, zikaacha vishimo vyenye kingo kali. Mafundi wa karne ya 18 walipata jibu: chuma cha pili kinachofungwa juu ya kisu, karibu kabisa na makali, ili maranda yavunjwe kabla hayajapata nguvu ya kung'oa. Mwaka 1767 mtengeneza randa Samuel Caruthers wa Philadelphia alikuwa akitangaza randa za vyuma viwili. Ajabu ni kwamba baadaye wengi walisahau kazi ya chuma hicho, wakadhani kipo ili kukaza kisu tu. Ilibidi Yasunori Kawai na Chutaro Kato wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, wakirekodi kwa kamera na hadubini mwishoni mwa karne ya 20, waonyeshe kwamba kinafanya kazi hasa kikiwa takriban milimita 0.1 kutoka kwenye makali.

Mashine ndogo haitoi nafasi ya ufundi wa namna hiyo. Mwenye nayo anabaki na mbinu za kawaida: kusoma nyuzi ubavuni mwa ubao kabla ya kuuingiza, kuugeuza ukiingia vibaya, kula kidogo kidogo, kupunguza mwendo, au kuupangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zilegee. Kwa mvule hata kugeuza hakusaidii sana, maana nyuzi zake hupishana: ukanda mmoja unalalia huku, wa jirani unalalia kule. Zaidi ya hayo, ndani ya mvule hujificha mawe ya kalsiamu kabonati. Kisu kikikutana na jiwe hilo hupata pengo, na kuanzia hapo kila ubao unatoka na mstari ulionyooka, umevimba kama uzi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisu kimoja kikilegezwa na kusogezwa pembeni kidogo, mapengo hayakai tena sambamba na mstari unatoweka.

Kovu la mwisho ndilo linalolalamikiwa zaidi na wenye mashine ndogo, ambazo zilienea miaka ya 1980 pale Ryobi ya Japani ilipouza mashine ya inchi 10 inayobebeka. Ncha za ubao huliwa zaidi kwa sentimita chache. Ubao ukiwa katikati hubanwa na rola mbili, lakini unapoingia na unapotoka hubanwa na moja tu. Sehemu inayoning'inia nje inashuka, ncha inainuka kuelekea visu. Mashine nzito za chuma cha kalibu zilitumia uzito wake na vibanio vilivyokaa karibu na visu. Nyepesi hazina anasa hiyo, na hapo baadhi ya watengenezaji wakaongeza kufuli ya kuzuia kichwa kinachobeba visu kisicheze. Kuunyanyua kidogo mwisho wa nje wa ubao kwa mkono husaidia, na kuzipitisha mbao zikifuatana bila mwanya pia. Wengine huukata ubao mrefu kuliko unavyohitajika, kisha ncha wanazitupa.

Siku hizi ngoma za visu virefu zinaachia nafasi zile zenye vipande vidogo vya mraba vya kabaidi, vilivyopangwa kwa mzunguko. Ukali ukiisha, kipande hugeuzwa robo duara na upande mpya unaanza kazi. Nyuzi hunyofoka kwa uchache zaidi. Hata hivyo, vumbi likibaki chini ya kipande kimoja wakati wa kukifunga, kipande hicho huchomoza na kuchora mfereji mwembamba kwenye kila ubao, mpaka mtu afungue skrubu, apulize kiti chake, akifunge upya.