Fahamu AC Transit: Basi moja, miji 13 ya California

Unaishi Oakland, kazi yako iko San Francisco, na katikati kuna maji ya ghuba. Kama huna gari unavuka vipi? Wengi hupanda basi la AC Transit. Lakini je, unajua basi hilo lilianzaje?

Yote yalianza na Key System, kampuni ya tajiri Francis Marion Smith, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1903. Treni za umeme ziliwafikisha watu gatini, wakamalizia safari kwa feri. Daraja la Bay Bridge likafunguliwa 1936, na kuanzia 1939 treni zikawa zinavuka kwa daraja hilo.

Mwaka 1946 kampuni ikaangukia mikononi mwa National City Lines, ambayo wawekezaji wake ni pamoja na General Motors na Firestone. Ndiyo hao hao wauza mabasi na matairi! Kufikia 1948 tramu za mitaani zikawa zimeondolewa. Mwaka uliofuata mahakama ya Chicago ikawatia hatiani kwa njama za kuhodhi biashara ya mabasi na vifaa vyake.

Kilichowachosha wananchi kabisa ni mgomo wa 1953. Siku 76 bila usafiri! Hapo miji ikaona kwamba safari ya kila siku ya watu haiwezi kutegemea kampuni moja binafsi.

Mwaka 1955 jimbo likapitisha sheria, na 1956 wapiga kura wa kaunti za Alameda na Contra Costa wakakubali kuunda shirika lao la umma. Herufi A na C zinatokana na majina hayo. Treni ya mwisho ilivuka daraja Aprili 1958, kabla shirika halijapata pesa za kuinunua kampuni. Mkopo wa dola milioni 16.5 ulipitishwa kwa kura 1959, na Oktoba 1, 1960 mabasi yakaanza kazi chini ya shirika jipya.

Treni za BART zilipoanza kupita chini ya ghuba mwaka 1974, mabasi hayakufa. Treni inaishia stesheni, basi linaingia mtaani kwako.

Leo bodi yake bado inachaguliwa na wakazi. Huduma ikiwa mbovu, wanajua pa kuwawajibisha: kwenye sanduku la kura.