Waligeuza Baiskeli ya Walemavu Kuwa Lori: Historia ya Wababe wa Mto Kongo Ambao Hakuna Anayewataja

Ukitaja Kinshasa, wengi wanawaza rumba, magitaa ya sebene na wale jamaa wa suti kali. Sawa kabisa. Lakini mji ule una ubunifu mwingine ambao haukutoka studio wala kwa fundi cherehani. Ulitoka kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, na wateja wao walikuwa watu wasioweza kutembea.

Hii ni stori ya baiskeli za magurudumu matatu zilizogeuka kuwa malori.

Tuanze na ramani. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana, kila mmoja na nchi yake. Katikati unapita Mto Kongo, na daraja hakuna. Ukitaka kuvuka unapanda pantoni au boti, na upande wa Kinshasa kituo kinaitwa Beach Ngobila. Kitu kilicho bei chee upande mmoja kinaweza kuwa ghali upande wa pili, kwa hiyo bandari ile haijawahi kukosa watu wenye mizigo.

Sasa hapo ndipo mchongo ulipoanzia. Tangu miaka ya 1970, enzi za Mobutu, watu wenye ulemavu walipata unafuu wa kuvuka mto ule: nauli ya chini, na forodha iliwalegezea kamba kwenye mizigo yao. Wengi wao walipooza miguu utotoni kwa sababu ya polio. Kazi za ofisini hawakupewa, na mtaani watu walitarajia kuwaona wameketi kando ya barabara wanaomba. Wao wakauangalia unafuu ule wakapiga hesabu. Kama nauli yangu ni ndogo na ushuru wangu ni mdogo, kila kilo ninayovusha inanilipa kuliko inavyomlipa mwenzangu mwenye miguu yake miwili.

Likabaki swali moja tu. Hizo kilo utazibebea wapi?

Kiti cha magurudumu kile cha hospitali hakikuwa jibu. Kile kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu laini na milango mipana. Magurudumu yake ya mbele ni madogo, yakikutana na mchanga au tope yanazama, na mtu anabaki amekwama katikati ya barabara akisubiri msaada. Tena hakina pa kuweka hata gunia moja.

Baiskeli ya magurudumu matatu ni habari nyingine. Pedeli zake ziko juu, usawa wa kifua, zinazungushwa kwa mikono. Cheni inashuka kutoka kwenye pedeli hadi gurudumu, na magurudumu yote matatu ni makubwa, kwa hiyo shimo haliogopwi sana. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1655 huko Ujerumani, kijana wa miaka 22 anayeitwa Stephan Farffler, fundi saa asiyeweza kutembea, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mikono. Hakusubiri mtu amfikirie. Ufundi wa meno ya saa alikuwa nao, akauhamishia kwenye kiti chake.

Watu wa Ngobila walifanya vilevile, ila wao walitaka mzigo. Fremu ikarefushwa, chuma kikaongezwa unene. Nyuma na chini ya kiti pakatengenezwa nafasi ya bidhaa. Pakawekwa pa kushika kwa ajili ya msukumaji, kwa sababu baiskeli ikishajaa, mikono miwili ya dereva haitoshi kuipandisha kwenye mwinuko wa bandari. Zilipopangwa kwenye foleni ya pantoni, mizigo ilizidi vichwa vya wenye nazo.

Na wasukumaji ndio sehemu tamu ya hadithi. Walikuwa vijana wazima wa viungo, wasio na ajira, wanaopata riziki kwa kusukuma. Wafanyabiashara wakubwa nao walikuwa wanawatafuta wenye baiskeli wawavushie bidhaa kwa malipo. Kwa hiyo bandarini mambo yalikuwa kinyume na mtaani: mtu wa kwenye baiskeli ndiye bosi, ndiye anayetoa ajira. Wakaunda vyama vyao, wakalea familia, wakasomesha watoto. Wapo waliowaita watu wa magendo. Wao waliona wanatumia nafasi pekee waliyowahi kupewa.

Majina yao ni magumu kuyapata. Dunia iliwafahamu ndugu zao wa upande wa muziki.

Hao ni Staff Benda Bilili, bendi ya mitaani ya Kinshasa ambayo wengi wa wanamuziki wake walikuwa manusura wa polio. Baiskeli zao zilikuwa na swaga, nyingine zimeundwa zikakaribia kufanana na pikipiki. Mazoezi walifanyia karibu na bustani ya wanyama ya mji, na humo ndimo walimorekodia. Kijana wao mmoja alipiga satonge, ala ya waya mmoja aliyoitengeneza kwa kopo. Albamu yao Très Très Fort ilitoka mwaka 2009. Mwaka 2010 filamu ya maisha yao ikaonyeshwa Cannes. Na katikati ya shangwe zote hizo waliweka wimbo unaoitwa Polio, wakiwaomba wazazi wawapeleke watoto wao kupata chanjo. Walikuwa mastaa juu ya baiskeli zile, lakini hawakutaka mtoto mwingine azihitaji.

Pale bandarini mambo hayakuishia vizuri. Aprili 2014, polisi wa Brazzaville walianzisha operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Watu zaidi ya 100,000 wa upande wa Kinshasa walirudishwa kwao, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kuogopa. Kuvuka kukawa kugumu, karatasi zikaongezeka, na biashara ya baiskeli ikanyong'onyea. Lori la mikono halina faida kama mto haupitiki. Fundi anaweza kurefusha fremu, lakini mpaka uliofungwa hauchomelewi.

Mchezo huohuo upo mashariki, Goma, kwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Pale mpakani na Gisenyi, Rwanda, baiskeli kubwa za watu wenye ulemavu zimekuwa zikivusha mizigo mizito, wasukumaji wakiwa nyuma. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa wafanyabiashara wadogo kwa sababu ya korona, nao walionja kilichowakuta wenzao wa Ngobila.

Sasa usidhani kila mtu asiyetembea angefaa kukaa kwenye lori lile. Polio inadhoofisha misuli, lakini ngozi inaendelea kuhisi. Mtu akikaa sana kwenye ubao mgumu anaumia, anajigeuza. Aliyevunjika uti wa mgongo anaweza asihisi kitu kabisa. Anakaa kutwa nzima, nyama inaoza taratibu bila yeye kujua, na kidonda kile cha kukandamizwa kinaweza kumuua. Huyo anahitaji mto maalumu na kiti kilichopimwa mwili wake. Mwenye mkono mmoja dhaifu anahitaji pedeli na breki zihamie upande wenye nguvu. Mtoto asiyeweza kushika shingo anahitaji pa kuegemeza kichwa, la sivyo hata kula ni hatari.

Ndiyo maana kugawa viti mia vya saizi moja na kupiga picha hakumalizi shida. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zenye kipato kidogo, ukasisitiza kwamba kiti lazima kimtoshe mtu na kifae mahali anapoishi. Moshi, kwenye chuo cha TATCOT pale KCMC, kuna wataalamu waliofundishwa kazi hiyo: kupima nyonga na urefu wa mapaja, kukagua ngozi, kisha kuuliza nyumbani kwako kuna ngazi? Barabara ni ya lami au mchanga? Kutwa unafanya kazi gani?

Mafundi wa Ngobila hawakuwa na mwongozo wala futi ya daktari. Mteja alifika mwenyewe, akaonyesha kwa mikono upana wa mzigo anaoutaka, wakaelewana bei, na moto ukawashwa.