Kutoka Mti hadi Jedwali: Historia ya XSLT na Hatima ya Data za Kamusi

Makala haya yanafuatilia historia ya kubadili data za XML zenye tabaka, yaani kipengele ndani ya kipengele, kuwa majedwali kwa kutumia lugha ya XSLT. Hoja kuu ni kwamba kila jedwali ni uamuzi kuhusu uhusiano upi utunzwe na upi upotee.

Mapokeo mawili yanakutana hapa. Mwaka 1970, Edgar F. Codd wa IBM alipendekeza data zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana, kila kisanduku kikibeba thamani moja, na vipengele vinavyojirudia vitengewe jedwali lao. Mapokeo ya pili yalitokana na uchapishaji wa matini: SGML ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na mwaka 1998 shirika la W3C likaidhinisha XML, iliyo SGML iliyorahisishwa. Kwa Codd data ni jedwali. Kwa XML data ni mti.

XSLT 1.0, iliyohaririwa na James Clark, iliidhinishwa Novemba 1999. Kanuni zake huupitia mti tawi kwa tawi. Zikifika kwenye jani, huweza kupanda hadi kwenye shina na kuchukua taarifa inayohitajika katika safu ya jedwali. Hata hivyo, haikuwa na amri ya kupanga data katika makundi. Watumiaji walitegemea mbinu ya funguo iliyopewa jina la Steve Muench, hadi XSLT 2.0, chini ya uhariri wa Michael Kay, ilipoleta amri ya xsl:for-each-group mwaka 2007.

Kwa wanakamusi wa Kiswahili, suala hili ni la karibu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka minyambuliko chini ya mzizi wake: pigia, pigwa, pigana na pigisha vikakaa ndani ya piga. Huo ni mti, ingawa uko katika karatasi. Tuseme kidahizo kina maana 3 na minyambuliko 4. Tukikilazimisha kuingia katika jedwali moja kwa kuoanisha kila maana na kila mnyambuliko, tutapata safu 12. Baadhi yake zitadai jambo lisilo kweli, kwa mfano kwamba pigana inahusu maana ya piga iliyomo katika piga picha. Hakuna programu itakayotoa onyo, kwa kuwa jedwali lenyewe ni sahihi kiumbo.

Suluhisho limo katika pendekezo la Codd: XSLT itoe majedwali matatu, la vidahizo, la maana na la minyambuliko, yakiunganishwa na kitambulisho cha kidahizo. Pale mwanakamusi alipofungamanisha mnyambuliko na maana mahususi, kitambulisho cha maana hiyo kiongezwe.

Kwa kuhitimisha, taasisi zinazoandaa kamusi na hazina za istilahi zinashauriwa kuhifadhi faili la XML kama nakala mama, pamoja na kanuni za XSLT zilizotumika. Jedwali linaweza kuzalishwa upya kutokana na mti wakati wowote. Mti uliokwisha kupotea hauwezi kurejeshwa kutokana na jedwali lililotupa mahusiano yake.