Neno la Siri la Kiwandani

Mwaka 2016 nilikuwa nafunga kamera za ulinzi madukani, na neno la siri la kiwandani nililiacha vilevile ili mteja asihangaike kulikumbuka. Mwaka huohuo kirusi kiitwacho Mirai kilibisha hodi kwenye kamera, rekoda na ruta duniani, kikijaribu majina na maneno ya siri yapatayo 60: admin, 12345, xc3511. Kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kifaa, kirusi kinafutika. Ukiwasha kifaa bila kubadilisha neno la siri, baada ya dakika chache kirusi kimerudi. Na mwenye duka haoni kitu, picha ni ileile.

Waliokitunga ni vijana watatu wa Marekani, waliokuwa wakigombania biashara ya seva za mchezo wa Minecraft. Mwishoni mwa Septemba msimbo wake ukamwagwa hadharani. Oktoba 21 vifaa vilivyoambukizwa vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na kwa wengi Twitter na Netflix hazikufunguka kwa saa kadhaa.

Niliposoma kwamba kamera kama zangu ndizo zilizotumika, nilibeba kompyuta yangu nikaanza kuzunguka, duka kwa duka, nikibadilisha. Wateja wawili walikuwa wameshahama. Kamera zao sikuzifikia.