Raia au mwananchi?

Neno raia tumelipata kwa Waarabu. Kwao lilimaanisha kundi lililo chini ya mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi, na mwana hachungwi kama mbuzi: ana haki ya kuuliza urithi unatumikaje. Katiba ya Kenya ya 2010 imeegemea upande wa mwananchi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya. Cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liushirikishe umma. Kwa hiyo mvuvi wa Mbita, Homa Bay, au mkulima wa tumbaku wa Kuria, Migori, akisimama kikaoni kuhoji bajeti, naomba mwenye kipaza sauti asimwite raia.