Senti Kumi ya Tundu

Bibi yangu alihifadhi senti kumi kwa kuzitunga uzini kama shanga, maana zilikuwa na tundu katikati. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zilikumbatia tundu hilo. Upande wa pili palikuwa na taji na jina la mtawala. Majina yalipokezana: George wa Tano, Edward wa Nane, George wa Sita, kisha Malkia Elizabeth. Edward alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuingia sokoni. Kwetu Afrika Mashariki senti ya tundu haikuhitaji sura, basi jina lake likanunua chumvi na mafuta ya taa.

Mwaka 1964 taji na jina viliondolewa. Tundu na pembe zikabaki. Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, senti kumi haikuwamo. Ilirudi 1977 ikiwa na punda milia, bila tundu.

Bibi alipoufungua uzi wake, muda wa kubadilisha ulikwisha kupita.

“Nimefuga wafalme miaka yote hii,” alisema, “leo hawaninunulii hata kibiriti.”